Pembe Isiyoguswa na Ufagio

Jumapili ya mwisho ya Machi, Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Jua haliongezi hata dakika kwa ajili ya amri hiyo, lakini jioni hurefuka machoni pa watu, na wale waliojifungia ndani tangu Novemba huanza kuchungulia dirisha la nyuma. Wanachokiona hakipendezi. Nyasi zimelala ovyo. Majani ya mwaka jana yamerundikana kwenye kona na kuoza. Mabua ya maua yaliyokauka yamesimama wima kama vijiti vya mishikaki vilivyokwisha nyama. Sakafu ya mawe nyuma ya nyumba, ambako familia hukaa wakati wa majira ya joto, imeota utando wa kijani unaoteleza, na viti vilivyoachwa nje vimepauka na kushika ukungu miguuni.

Basi Jumamosi ya kwanza yenye jua, mtaa mzima hutoka. Milango ya vibanda vya vifaa hufunguliwa kwa kusukumwa na bega, maana mbao zimevimba kwa unyevu. Hutolewa reki, toroli, mikasi ya kupogolea, ndoo na brashi. Kufikia saa nne asubuhi mashine za kukatia nyasi zinaitikiana kutoka ua hadi ua. Ni kazi ya mikono, mtu angesema, kazi isiyohitaji padri, shehe wala mwanafalsafa.

Lakini anayeshika reki ameshajibu, bila kuulizwa, swali ambalo dini za watu wa Kitabu zimelibeba tangu kurasa zao za kwanza: mwanadamu aliwekwa bustanini afanye nini?

Kitabu cha Mwanzo kina majibu mawili, na hayafanani. Katika sura ya kwanza mwanadamu anapewa mamlaka ya kuitiisha nchi na kuwatawala viumbe. Kitenzi cha Kiebrania cha kutiisha, kavash, ni kizito. Kwingine katika Biblia kinatumika kwa nchi iliyoshindwa vitani. Sura ya pili inashuka chini, mpaka kwenye udongo wenyewe. Mtu anatiwa katika bustani ya Edeni akiwa na kazi mbili, ambazo wafasiri wa Kiswahili waliziita kulima na kutunza. Kile walichokiita kulima ni avad, na kitenzi hicho hicho ndicho cha mtumwa anayemtumikia bwana wake na cha kuhani anayemtumikia Mungu. Cha pili, shamar, ni kulinda, kukesha juu ya kitu. Vitenzi hivi viwili vinakutana tena katika Kitabu cha Hesabu, sura ya tatu, pale Walawi wanapokabidhiwa hema takatifu. Kwa hiyo msomaji wa Kiebrania anayetoka bustanini na kuingia hemani anasikia kwamba kazi haijabadilika. Shamar ndilo pia neno la Kaini alipotaka kujua kama yeye ndiye aliyewekwa kumlinda nduguye, na katika Zaburi ya 121, ambayo wengi huisoma kabla ya safari, neno hilo linarudi mara 6, safari hii mlinzi akiwa Mungu mwenyewe.

Mwaka 1967 mwanahistoria Mmarekani Lynn White alichapisha katika jarida la Science makala fupi iliyowaudhi wengi. Alisema mizizi ya uharibifu wa mazingira iko ndani ya Ukristo wa Magharibi, uliomfundisha mtu kwamba kila kilichoumbwa kipo kwa matumizi yake. Wanateolojia walimjibu kwa miaka mingi, na wengi walikimbilia sura ya pili ya Mwanzo kama ngao. Jambo ambalo hutajwa kwa nadra ni kwamba White hakuishia kwenye lawama. Alipendekeza Fransisko wa Asizi awe mlezi wa wanaikolojia, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Fransisko kuwa msimamizi wa ikolojia. Mtakatifu huyo atarudi katika makala hii, kwa sababu aliwahi kutoa amri kuhusu bustani.

Kiswahili nacho kina lake la kuongeza. Kutunza ni kuangalia kitu kisiharibike: mtoto, mgonjwa, mali ya yatima. Lakini katika ukumbi wa taarabu, mtu anayeinuka na noti mkononi akamwendea mwimbaji anakwenda kumtunza, na humo ndimo limetoka tuzo. Lugha imeziweka chini ya kitenzi kimoja kazi ya kulinda na kazi ya kuonyesha kwamba umetambua thamani. Anayemtunza mwimbaji hamrekebishi sauti wala hampangi. Amesikia, ameguswa, amesimama. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba mtu angeingia bustanini mwezi wa Aprili akiwa na maana hizo zote mbili kichwani, mikono yake ingekwenda taratibu zaidi.

Ingekwenda taratibu kwa sababu kinachoonekana kuwa takataka kina wenyewe.

Chukua mfano wa nyuki wakubwa wenye manyoya, weusi kwa njano, ambao Waingereza huwasikia wakivuma kabla ya maua mengi kufunguka. Kundi lao lote hufa msimu wa baridi unapoingia, isipokuwa malkia wapya. Kila malkia huchimba peke yake kishimo kidogo ardhini, mara nyingi kwenye kingo zinazoelekea kaskazini, chini ya majani au karibu na mizizi, na kulala humo miezi 6 hadi 9. Kingo hizo hazipati jua, na hilo linamsaidia: jua la siku moja la Januari lingeweza kumdanganya akaamka kabla ya chakula kuwapo. Anapoamka yuko peke yake kabisa. Hana mfanyakazi hata mmoja, hana akiba, na ukoo mzima wa mwaka ule uko tumboni mwake. Anahitaji maua ya mwanzo, yakiwemo yale ya njano yanayomea katikati ya nyasi, ambayo mwenye bustani huyaita magugu na kuyang'oa kwa kisu. Jembe linaloingia kwenye ukingo ule mwanzoni mwa Machi, ili tu paonekane pameguswa, linaweza kumaliza kundi ambalo bado halijazaliwa.

Mabua yale makavu pia hayako matupu. Yenye uwazi ndani hulaza nyuki wadogo wanaoishi mmoja mmoja, na penye majani yaliyosongamana shinani hujibanza vijidudu vyekundu vyenye madoa meusi, ambao wakiamka hula vidukari kwenye mawaridi bila malipo. Rundo la majani la kwenye kona ndilo analolilalia kalunguyeye. Ndiyo maana wanaowajua viumbe hawa hushauri kusubiri hadi joto lishike siku baada ya siku, na hata hapo mabua yakikatwa yasichomwe, bali yalazwe pembeni ili aliyemo ajitokee mwenyewe.

Sheria ya nchi inagusa sehemu ndogo tu ya haya. Sheria ya Wanyamapori na Mashamba ya mwaka 1981 inamkataza mtu kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege kinachojengwa au kinachotumika, hata kikiwa ndani ya ua wa michongoma alioupanda mwenyewe. Malkia wa nyuki hana hakimu. Na huko nje ya miji, mbuga za maua-mwitu za England na Wales zimetoweka kwa asilimia 97 tangu miaka ya 1930. Ndiyo sababu shirika la Plantlife lilianzisha mwaka 2019 kampeni ya kuwaomba watu waache nyasi zao bila kuzikata mwezi mzima wa Mei. Waliokubali walijikuta wakiwaeleza majirani kwamba hawajafiwa wala hawajahama.

Uislamu, kwa upande wake, unalisogelea jambo hili kutoka njiani. Katika hadithi mashuhuri imani inahesabiwa kuwa na matawi zaidi ya sitini au sabini, na la chini kabisa ni kuondoa njiani kitu kinachoudhi wapita njia. Ni tawi la chini, lakini ni la imani. Anayesugua utando wa kijani kwenye sakafu ya mawe ili bibi mwenye fimbo asiteleze yuko ndani ya tawi hilo, ajue asijue.

Kisha iko hadithi nyingine katika mkusanyo wa Bukhari, inayopaswa kumfikia kila anayesimama na birika la maji ya moto juu ya shimo la sisimizi. Nabii mmoja wa zamani alipumzika chini ya mti, akaumwa na chungu. Akaamuru mizigo yake iondolewe, kisha makazi ya chungu wale yakateketezwa kwa moto. Mungu akamlaumu: aliyekuuma ni mmoja, na umeangamiza umma mzima uliokuwa ukimsabihi Mola wake. Uzito uko katika neno umma. Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-An'am, inawaita wanyama wa ardhini na ndege warukao kuwa ni umma kama walivyo wanadamu. Kwa kipimo hicho sakafu ya mawe yenye mianya ina raia wake.

Na samani? Hizo zimo ndani ya Pepo. Sura ya 88, Al-Ghashiya, inaielezea bustani ya waliofuzu kwa vitu ambavyo mtu yeyote aliyewahi kuandaa karamu nje ya nyumba anavijua: chemchemi inayopita, makochi yaliyoinuliwa, vikombe vilivyowekwa tayari, mito iliyopangwa safu, mazulia yaliyotandikwa. Kila kitu kiko mahali pake na mgeni anangojwa. Mtume alikuwa akiisoma sura hii katika sala ya Ijumaa na sala za Idi, kwa hiyo Waislamu wengi wa pwani wameisikia maisha yao yote. Mara tu baada ya mazulia, aya zinageuka na kuuliza kama watu hawamtazami ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Kutoka mtandiko wa zulia hadi mtandazo wa ardhi ni aya nne tu. Mwenye macho anaombwa aangalie kwanza bustani iliyopangwa kwa ajili yake, kisha dunia ambayo hakuipanga.

Neno bustani lenyewe lilifika pwani kutoka Uajemi, na maana yake huko ilikuwa mahali pa harufu nzuri. Firdausi pia ina asili ya Kiirani cha kale: mahali palipozungushiwa ukuta. Ukuta ndio unaoifanya bustani iitwe bustani. Bila mpaka kuna pori tu, au kuna shamba tu, na swali la nini kiingie na nini kitoke haliulizwi.

Hapa mtu aliyekulia Tanga, Kilifi au Kigoma na sasa anaishi Leicester ana haki ya kuchanganyikiwa. Nyumbani, usafi wa uwanja ulikuwa ni weupe wa mchanga. Alfajiri kulisikika ufagio wa chelewa, kwaru, kwaru, kabla ya moto kuwashwa, na jua lilipochomoza uwanja ulikuwa na mistari ya nusu duara ambayo kuku wa kwanza aliivuruga. Nyumba yenye nyasi mpaka mlangoni ilitia aibu. Watu waliuliza kama mwenye nyumba ni mgonjwa. Mtu huyo akifika Uingereza na kumwona jirani akiziacha nyasi zifike magotini kwa makusudi, na tena kuweka kibao cha kueleza fahari yake, anahisi kwamba kuna kitu kimepinduka.

Hakijapinduka. Uwanja mweupe wa pwani ulikuwa na sababu: majani karibu na mlango ni maficho ya nyoka, na vifuu vya nazi vyenye maji ya mvua ni mazalia ya mbu. Mama aliyefyeka alikuwa akiwalinda watoto, naye alikuwa mlinzi kwa maana kamili ya lile neno la Kiebrania. Uingereza ina nyoka mmoja tu wa asili mwenye sumu, na katika bustani za mjini huonekana kwa nadra. Wanazuoni wa fikihi wana kanuni kwamba hukumu huzunguka pamoja na sababu yake: sababu ikiwapo hukumu ipo, ikiondoka nayo huondoka. Upendo uliofyeka majani Tanga unaweza kuyaacha yamee Leicester, na ukabaki upendo ule ule.

Hata magugu hubadili uraia. Mnavu, ambao Afrika Mashariki huchumwa, huchemshwa na kuungwa kwa nazi au karanga, una jamaa yake wa karibu anayeota kwenye bustani za Uingereza. Huko anang'olewa na kutupwa kama mmea wa sumu. Mkono unaong'oa una elimu ya mahali pake, na elimu hiyo si ya dunia nzima.

Ufagio wa pwani nao haukuwa na mamlaka isiyo na kikomo. Wazee walikataza kufagia usiku, wakisema anayefagia gizani anaitoa riziki nje. Wengine walieleza kwamba kitu kidogo kilichoanguka, pete au senti, kingepotea na taka. Vyovyote vile, mtoto alijifunza mapema kwamba kuna saa ambayo usafi unapaswa kusimama.

Kusimama huko ndiko kiini cha jambo. Dini zinazohimiza usafi zimeamuru pia kwamba usafi usifike kila mahali.

Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinamkataza mkulima kuvuna shamba lake mpaka kwenye pembe. Pembe ni ya maskini na mgeni. Marabi waliokusanya Mishna karibu mwaka 200 baada ya Kristo walikubali kwamba Torati haikutaja kipimo, lakini wakasema isipungue sehemu moja ya 60. Sheria hiyo ilihusu mashamba ya mazao, wala hakuna rabi aliyekuwa akifikiria nyuki. Hata hivyo inafaa mtu afanye hesabu. Bustani ya mita za mraba 120 ikitoa moja ya 60 inatoa mita 2 za mraba, mahali pa mkeka wa kulalia mtu mmoja. Hakuna anayeweza kusema kwamba bustani yake haina nafasi ya mkeka mmoja.

Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, hakupiga hesabu. Thomas wa Celano, aliyeandika maisha yake katika karne ile ile ya 13, anasimulia kwamba alimwagiza ndugu aliyeshughulikia bustani ya nyumba yao asiilime yote kwa ajili ya mboga, bali aache sehemu yake imee majani na maua ya porini. Ndugu wale walikuwa maskini wa kuombaomba, na kila tuta la mboga lilikuwa chakula. Papa Fransisko alikitaja kisa hicho katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015. Sababu inayotolewa ni kwamba anayeyaona maua yale ainue moyo kwa aliyeyaumba. Pembe ya Musa ilikuwa kwa tumbo la mwenye njaa. Hii ya Asizi ilikuwa kwa macho ya aliyesahau. Nyuki, kwa bahati njema, hahitaji kujua ni ipi kati ya hizo mbili aliyoingia.

Pwani ya Kenya ina jibu lake, na ni kubwa kuliko pembe. Kaya za Wamijikenda zilikuwa vijiji vilivyozungukwa na msitu, watu wakiishi katikati na njia zikiwa chache zenye milango. Kufikia miaka ya 1940 wakazi walikuwa wamehama, lakini hawakuuachia msitu shoka. Pakawa mahali pa wahenga, penye wazee wa kupalinda na miiko ya kutokata mti. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya kaya hizo, zilizotawanyika kwa umbali wa kilomita 200 hivi, katika orodha ya urithi wa dunia. Mashamba, barabara na nyumba vimejaa pande zote, na katikati yake umebaki msitu ambao watu walikubaliana kutoupanga upya.

Ipo hoja inayostahili kusikilizwa hapa, na wenye bustani nadhifu huitoa kwa uchungu. Je, haya yote si kisingizio cha uvivu? Mtu ameshindwa kuamka Jumamosi, nyasi zimemshinda, kisha anamtaja Fransisko. Hoja ina nguvu. Pembe ina maana kwa sababu sehemu 59 zilizobaki zimefanyiwa kazi. Mkulima ambaye hakuvuna kabisa hajampa maskini zawadi. Ameacha nafaka ioze.

Ndiyo maana kiti kinastahili kuoshwa, na kuoshwa vizuri. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, ina sura inayomhusu mtunza ghala wa monasteri, na humo anaagizwa avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altareni. Majembe na ndoo zimo. Wabuddha nao husimulia habari za Chulapanthaka, mtawa mzito wa kujifunza, aliyeshindwa kukariri ubeti mmoja kwa miezi minne hadi ndugu yake akamfukuza. Buddha alimpa kitambaa cheupe akisugue tu. Kitambaa kikachafuka mkononi mwake, naye katika kukitazama akauona ukweli ambao wenzake walikuwa wakiutafuta kwa kukariri. Masimulizi ya Asia Mashariki yanampa ufagio badala ya kitambaa. Kwa vyovyote, mlango wake ulikuwa kazi ambayo haimaliziki.

Viti vingi vizuri vya bustani za Ulaya ni vya mtiki, ambao wazee wa pwani waliuita msaji. Asili yake ni India, Myanmar, Thailand na Laos. Wajerumani waliupanda Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, na leo mitiki imesimama safu kwa safu katika msitu wa Longuza, wilayani Muheza. Mbao zake zina mafuta ya asili yanayozuia maji na wadudu, na ndiyo sababu kiti cha mtiki kinaweza kulala nje chini ya mvua na barafu kwa miaka mingi. Kikiwa kipya kina rangi ya asali. Jua likikipiga misimu miwili mitatu, tabaka la juu kabisa hupoteza rangi na kuwa kijivu cha fedha. Chini ya tabaka hilo, nyembamba kama karatasi, asali ingali palepale.

Wengi hukasirishwa na rangi hiyo ya fedha na kukiendea kiti na mashine ya maji ya presha. Matokeo yake huonekana mara moja: asali inarudi, na mwenye kiti anafurahi. Lakini mkono ukipita juu ya ubao huo baada ya kukauka unasikia matuta. Maji yale makali yamechimba nyuzi laini na kuacha ngumu zimesimama, na katika vijifereji vilivyobaki ndimo maji ya mvua yatakapotuama na ukungu kupata makao mapema kuliko mwaka jana. Njia ya wanaoijua mbao ni ndoo ya maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini, kwa kufuata nyuzi. Huanzwa kwenye egemeo na kushuka. Kwenye maungio, pale mguu unapokutana na kiti, brashi ndogo kama ya meno hutoa uchafu uliojificha. Mguu huinuliwa na kukaguliwa chini, kwa sababu ndipo ubao unapokunywa maji. Mwisho kinasuuzwa na kuachwa kikauke kivulini. Utando wa kijani umetoka. Kijivu cha fedha kimebaki.

Kijivu hicho si uchafu. Ni mvi za kiti, na hakuna anayemwosha mzee ili mvi zimtoke.

Kiti kilichooshwa hukaliwa, na hapo ndipo majengo ya Waswahili yana busara yake. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, samani za nje ni sehemu ya nyumba: baraza ya mawe imejengwa ukutani, upande wa njia, haingizwi ndani wala haitolewi. Kutoka kiti hicho neno likapanda hadi kwenye mikutano ya watu wazito, tukapata Baraza la Mawaziri. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa kwamba anayeweka kiti nje ya mlango wake ametoa mwaliko kabla hajafungua kinywa. Mwingereza huweka chake nyuma ya nyumba, ndani ya ua, na mwaliko wake hutegemea jua. Lakini anapovipanga viti mwezi wa Mei, kimoja kikielekea kingine, hata kama siku hiyo yuko peke yake, yeye pia amesema mgeni njoo.

Hutokea kwamba viti havitoshi. Robini, ndege mdogo mwenye kifua chekundu, hupenda kujenga karibu na watu: ndani ya chungu cha maua kilicholala ubavu, kwenye birika kuukuu, hata kwenye mfuko wa koti lililosahauliwa kibandani. Mwenye bustani anaingia kuchukua kiti cha nne na kukuta juu yake chungu, ndani ya chungu manyoya na kuvumwani, na juu ya manyoya jicho jeusi linalomtazama bila kupepesa. Anarudi nyuma hatua moja, anauacha mlango wazi kidogo kama alivyoukuta, na familia inakula nje ikiwa na viti vitatu na ndoo iliyopinduliwa. Mayai huatamiwa kwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine kabla ya kuruka. Kisha, mara nyingi, robini huanza upya na kutaga tena.